Nyumba na Elimu: Njia ya Hewani ni Moja, Wapitao ni Wengi

Katika nyumba nyingi za siku hizi umeingia ugomvi ambao babu zetu hawakuujua, nao ni ugomvi wa intaneti. Ni jioni, watu wote wamerejea. Bibi amekaa ukumbini azungumza kwa video na bintiye aliyeolewa Muscat. Mara uso wa binti waganda, sauti yakatika vipande vipande, na maneno yaliyosalia hayafahamiki. Bibi amwita mjukuu. Mjukuu amlaumu nduguye aliye chumbani akitazama sinema. Na yule wa chumbani aapa kwamba hata sinema yake imesimama. Kesho yake baba hupiga simu kwa kampuni, akashauriwa anunue kifurushi kikubwa zaidi. Hununua. Siku mbili tatu mambo huwa mazuri, au huonekana kuwa mazuri. Kisha uso wa binti waganda tena, jioni ile ile, saa ile ile.

Sisi twaona kwamba fedha nyingi za nyumba zetu zapotea kwa njia hii, na pamoja na fedha hupotea heshima ya watoto wanaohukumiwa bila kosa. Maana aghalabu kilichopungua si upana wa njia bali ni mpango wa kupita njiani. Anunuaye kasi zaidi bila kuutazama mpango huo ni kama mtu ajengaye barabara pana mpaka mlangoni pa soko, na mlango wenyewe akauacha ulivyokuwa. Mwezi huu, basi, twataka kueleza namna habari zinavyopita hewani ndani ya nyumba, kwa nini husongamana, na nini awezacho kufanya mwenye nyumba bila kutoa senti moja.

Jambo la kwanza la kufahamu ni tofauti iliyopo baina ya waya na hewa. Waya ni njia ya wawili, huyu wa mwisho huu na yule wa mwisho ule. Hewa ni ya wote. Wazee wetu walipoziona kwanza habari zikifika pasipo waya, waliziita simu ya upepo, na jina hilo lafaa hata leo, kwani upepo hauna ukuta baina ya mwenye nyumba na jirani yake. Katika redio ya kusikiliza habari hakuna shida, kwa kuwa anayesema ni mmoja tu na wengine wote wamenyamaza. Lakini katika Wi-Fi ya nyumbani kila chombo kinasema na kila chombo kinasikiliza: simu za watu sita, televisheni, kompyuta ya mwanafunzi, na ruta yenyewe inayowajibu wote. Vyombo viwili vikisema kwa wakati mmoja katika masafa yale yale, mawimbi yao huchanganyika, na msikilizaji hapati la huyu wala la yule. Vyote viwili vimepoteza wakati, na itavibidi kurudia.

Miongoni mwa wa kwanza kulikabili jambo hili kwa kompyuta walikuwa watu wa visiwani, na wasomaji wetu wa Unguja, Pemba na Lamu wataifahamu haja yao upesi. Chuo Kikuu cha Hawaii kilikuwa na kompyuta kubwa katika kisiwa cha Oahu, na watu wake walitawanyika katika visiwa vingine. Nyaya za simu zilikuwa ghali, tena haziaminiki. Profesa Norman Abramson, mtu aliyependa mno kuteleza juu ya mawimbi ya bahari, akaazimia pamoja na wenzake kutumia mawimbi ya namna nyingine. Mwezi wa Juni 1971 mtambo wao ulianza kazi, nao wakauita ALOHA, neno ambalo wenyeji wa huko hulitumia kusalimiana.

Kanuni yao ilikuwa nyepesi ajabu. Mwenye neno na aseme wakati wowote apendao, kisha angojee jibu kutoka kompyuta kubwa. Jibu likija, neno limefika. Lisipokuja, basi bila shaka limegongana na la mwingine. Na angoje kidogo, kisha aseme tena. Ila muda wa kungoja sharti uwe wa bahati nasibu, mmoja angoje huu na mwingine ule. Anayetembea katika vichochoro vyembamba vya Mji Mkongwe anaijua sababu: watu wawili wakikutana uso kwa uso, wote wakaegemea kulia, kisha wote wakaegemea kushoto, hawapishani mpaka mmoja wao atofautiane na mwenziwe.

Sasa tazama hesabu iliyotoka hapo. Abramson alionyesha kwamba njia ya namna hii, hata mambo yakiwa mazuri kabisa, haiwezi kubeba zaidi ya asilimia 18.4 ya uwezo wake. Sehemu iliyosalia huliwa na migongano na kimya. Na lililo zito zaidi ni hili, kwamba wanaosema wakizidi kupita kiasi, kinachofika hupungua. Kila mtu anarudia, na marudio yao yanagongana na marudio ya wengine, hata ikawa njia imejaa makelele matupu. Mwaka 1972 Lawrence Roberts akaongeza sharti moja tu: wakati ugawanywe vipande vilivyo sawa, na mwenye kusema aanze mwanzoni mwa kipande, si katikati. Kwa sharti hilo peke yake uwezo ukaongezeka mara mbili, ukafika asilimia 36.8. Haikuletwa mitambo yenye nguvu zaidi wala masafa mapya. Ilikuwa ni amri ya lini mtu afungue kinywa. Twawaomba wasomaji waikumbuke hesabu hii kila wanaposhauriwa kwamba dawa ya kila kukwama ni kununua zaidi.

Mwaka 1975 Leonard Kleinrock na Fouad Tobagi walieleza kwa hesabu adabu nyingine ambayo mtu wa barazani hahitaji kufundishwa: kabla ya kusema, sikiliza kama mwingine anasema. Adabu hiyo ndiyo iliyo moyo wa Wi-Fi, ambayo kanuni zake za kwanza zilitolewa mwaka 1997. Chombo chenye neno husikiliza; kikikuta kimya hungoja kidogo, kisha, ikiwa njia ilikuwa na watu, hupiga kura ya namba, kwa kawaida kutoka 0 hadi 15, na kuhesabu kwa kurudi nyuma, kila hatua ikichukua sehemu 9 za milioni ya sekunde. Anayefika sifuri kwanza ndiye asemaye. Wakigongana, duara la kura hupanuliwa karibu mara mbili, na tena mara mbili, mpaka lifike 1,023. Yaani kadiri msongamano unavyozidi, ndivyo kila mmoja anavyotakiwa kuwa na subira zaidi. Hayo yote hutendeka mara nyingi katika sekunde moja, na sisi tumekaa kitini hatuna habari.

Adabu hii ina mahali inaposhindwa. Simu iliyo chumba cha mwisho na kompyuta iliyo baraza ya mbele huweza kila moja kuisikia ruta iliyo katikati, wala zisisikiane zenyewe. Kila moja hudhani kuna kimya, zote zikasema pamoja, na ruta isielewe. Kadhalika jirani: ruta yake ikiwa katika mkondo mmoja na yako, mnasikilizana na kupeana zamu, ijapokuwa hamjuani na kila mmoja analipa bili yake.

Lakini kuna tatizo kubwa kuliko hilo, nalo ni la haki. Mwaka 2003 wataalamu wa Grenoble, katika Ufaransa, walieleza jambo lililowashangaza wengi. Fikirini kisima kimoja, na watu wawili wenye zamu sawa, ndoo moja huyu, ndoo moja yule. Wa kwanza ana kamba nzuri na avuta upesi. Wa pili ana kamba iliyokatika mara kadhaa na kufungwa mafundo, na ndoo yake huchukua muda mara kumi na zaidi kupanda. Zamu ni sawa, ndoo ni sawa. Basi yule mwepesi naye hupata maji kwa kasi ya yule mzito, kwa kuwa muda wake mwingi amesimama akingoja.

Ndivyo Wi-Fi ilivyo. Chombo kilicho karibu na ruta husema upesi. Kilicho mbali, nyuma ya kuta, hulazimika kusema polepole ili kieleweke, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto. Tuchukue pakiti moja ya baiti 1,500, yaani biti 12,000. Chombo chenye kasi ya biti milioni 11 kwa sekunde huipeleka kwa muda wa milisekunde 1.1 hivi, chenye kasi ya biti milioni 1 huchukua milisekunde 12. Wakipokezana zamu, mzunguko mmoja ni milisekunde 13.1, na katika muda huo kila mmoja amepeleka biti 12,000. Gawanyeni: kila mmoja anapata kama biti 916,000 kwa sekunde, pungufu ya milioni 1, hata yule ambaye angeweza milioni 11! Vyombo vya leo vina kasi kubwa kuliko hizo za mwaka 2003, ila kanuni ya hesabu ni ile ile. Ikiwa zamu ni sawa, mzito huwavuta wote.

Dawa yake ni kugawa wakati badala ya kugawa zamu: kila mmoja apewe muda sawa kisimani, na mwenye kamba nzuri avute ndoo nyingi kadiri awezavyo. Yule mzito hapati chini ya haki yake, na wengine hawafungwi naye. Mwaka 2017 Toke Høiland-Jørgensen wa Chuo Kikuu cha Karlstad, Sweden, pamoja na wenzake walitangaza namna ya kulifanya hili ndani ya Linux, programu ya msingi inayoendesha ruta nyingi duniani. Si kila ruta inayouzwa madukani inayo, wala muuzaji hajui kila mara ukimwuliza.

Hata hivyo mwenye nyumba anayo dawa iliyo karibu zaidi, nayo ni kumsogeza yule mzito. Hapa twasema jambo ambalo huwapita wengi: kuihamisha ruta hakumsaidii aliye mbali peke yake. Huwasaidia wote, kwa sababu yule wa mbali akisema upesi humaliza zamu yake mapema. Katika nyumba zetu za pwani zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe, zenye kuta nene kupita dhiraa, jambo hili lina uzito mkubwa. Fundi hufika, hutoboa tundu panapompendeza, huifunga ruta nyuma ya kabati katika chumba cha mbele, huenda zake; na nyumba nzima huishi na uamuzi wake miaka mitano. Ruta na iwekwe katikati ya nyumba, juu, mahali pa wazi, mbali na mapipa ya maji na majokofu. Ikiwa waya haufiki, urefushwe. Waya ni rahisi kuliko kifurushi kikubwa cha miezi sita.

Na kila chombo kisichotembea kipewe waya. Televisheni haiendi popote. Inakaa ukutani mwaka mzima, nayo ndiyo mlaji mkubwa wa njia ya hewani saa za jioni. Ikichomekwa kwa waya, hewa yote iliyokuwa ikiitumia hubaki kwa simu, ambazo hazina budi kutembea na watu.

Kuhusu mikondo tutasema kwa ufupi. Masafa ya kale ya Wi-Fi ni ya gigahezi 2.4, na humo mikondo mitatu tu ndiyo isiyoingiliana: wa 1, wa 6 na wa 11. Mwenye kujichagulia wa 3 au wa 8 akidhani amewakimbia majirani hufanya vibaya zaidi, kwani vyombo vya mikondo inayoingiliana nusu nusu havielewani kiasi cha kupeana zamu vizuri. Husikiana kama kelele tu. Jiko la maikrowevu nalo hufanya kazi katika masafa hayo hayo, na likiwashwa huweza kuvuruga mazungumzo ya jikoni. Masafa ya gigahezi 5 yana mikondo mingi na nafasi kubwa, ila hayapenyi ukuta kwa urahisi. Kwa hivyo vilivyo karibu na ruta vipelekwe 5, na 2.4 iachiwe vilivyo mbali.

Sasa tuje kwa kile ambacho, kwa maoni yetu, ndicho kisa cha nyumba nyingi ambazo bibi hawezi kuzungumza na bintiye. Hiki si cha hewani peke yake. Ni cha foleni.

Mwezi wa Oktoba 1986 intaneti ya wakati huo, iliyokuwa ya nyaya, ilipatwa na maradhi. Baina ya Maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California cha Berkeley, majengo yaliyoachana kwa yadi 400 hivi, kasi ilianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Mtu angeweza kutembea kwa miguu na karatasi mkononi akafika kwanza. Van Jacobson alichunguza, na mwaka 1988 akachapisha dawa: kila anayepeleka habari aanze polepole, azidishe kidogo kidogo, na mara aonapo pakiti imepotea ajue kwamba njia imejaa, apunguze mwendo. Kupotea kwa pakiti, basi, si ajali tu, ni ishara. Ndiyo bendera nyekundu ya njia.

Miaka ikapita, na kumbukumbu za kompyuta zikawa rahisi. Watengenezaji wa ruta na modemu wakaona vibaya kupoteza pakiti hata moja, wakaweka ghala kubwa za kungojea. Nia ilikuwa njema. Lakini ghala ikiwa kubwa, pakiti hazipotei, zajipanga tu. Zisipopotea, ishara haitoki. Ishara isipotoka, mpelekaji hapunguzi mwendo, na foleni yazidi kurefuka mpaka ghala ijae pomoni. Mwaka 2010 mhandisi Jim Gettys wa Marekani, alipokuwa akinakili mafaili kutoka nyumbani kwake, aliona pakiti zikichelewa zaidi ya sekunde moja katika njia ambayo ikiwa tupu huzipitisha kwa milisekunde chache. Aliyafuatia maradhi hayo, akayapa jina, na akawapigia kelele watu wa fani yake mpaka wakasikia.

Tupige hesabu ya nyumbani. Ghala ya megabaiti 1 ni biti milioni 8. Ikiwa njia ya kutoka nyumbani ni biti milioni 1 kwa sekunde, basi pakiti inayoingia nyuma ya foleni iliyojaa itangoja sekunde 8. Anayetazama sinema hatajali sana, kwa kuwa sinema huchotwa mapema na kuwekwa akiba. Lakini mazungumzo ya sauti hayana akiba. Kiwango kilichopendekezwa na mashirika ya simu ya kimataifa ni kwamba sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kutoka kinywa hadi sikio, watu wapate kuzungumza bila kugongana maneno. Sekunde 8 si simu tena, ni barua.

Na ni nani anayeijaza ghala ile? Twataka wasomaji wasimame hapa kidogo, maana hapa ndipo hukumu za jioni zinapokwenda upande. Si mtoto aliye chumbani. Kutazama ni kupokea; kinachojaza njia ya kutoka ni kupeleka, nayo njia ya kutoka, katika nyumba nyingi, ni nyembamba kuliko ya kuingia. Mpelekaji mkubwa mara nyingi ni simu ambayo hakuna mtu anayeishika. Baba alikuwa arusini tangu adhuhuri, amepiga picha 200 na video 10. Amerejea nyumbani, ameiweka simu juu ya kabati ichaji. Simu, ilipoiona Wi-Fi ya nyumbani na umeme, imeanza yenyewe kupeleka nakala zote kwenye hifadhi ya mbali, kwa nguvu zake zote, kwa muda wa saa moja au mbili. Ndiyo maana ni jioni ile ile, saa ile ile. Mwenye nyumba anayemfokea mwanawe huenda kosa analo mfukoni.

Kulijua jambo hili hakuhitaji fundi. Usiku watu wamelala, pigeni simu ya sauti kwa jamaa, mkisikiliza kama ni safi. Kisha, mkiwa bado mwazungumza, anzeni kupeleka video kubwa kutoka simu nyingine. Sauti ikiharibika papo hapo, na ikarudi safi mara tu video inaposimamishwa, basi maradhi ni foleni, na kifurushi kikubwa cha kupokea hakitayaponya. Ikiwa sauti ni mbovu tokea mwanzo, fanyeni jaribio hilo hilo mkiwa hatua tatu kutoka kwenye ruta. Ikiwa hapo ni safi, maradhi ni ya kuta na umbali.

Dawa ya foleni ya kwanza ni ya bure: nakala za picha na masasisho ya programu yapangiwe usiku wa manane, katika kila simu, ya baba ikiwa ya kwanza. Dawa ya pili imo ndani ya ruta. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na huyo huyo Van Jacobson walitoa kanuni ya kuisimamia foleni isiyotazama urefu wake bali muda ambao kila pakiti imekaa humo. Ikiwa kungoja kumezidi milisekunde 5, na kukaendelea hivyo kwa milisekunde 100, pakiti moja hutupwa makusudi, ili mpelekaji apate ishara yake na apunguze. Baadaye ikaunganishwa na foleni za mbali mbali, kila mazungumzo na foleni yake, hata mzigo mkubwa usimzuie aliye na kifurushi kidogo mkononi. Na mwaka 2018 ikachapishwa miongoni mwa nyaraka za wanaoweka kanuni za intaneti. Ruta nyingine zinayo, na katika ukurasa wa mipangilio huonekana kwa herufi SQM, au huwekwa chini ya herufi QoS.

Anayeiwasha huulizwa kasi ya njia yake, na hapa wengi hukosea kwa kuandika kasi iliyo katika mkataba. Ipimeni kwanza, kisha muandike pungufu kidogo ya kipimo, kama asilimia 90. Twajua lashangaza, kupunguza ili kupata. Lakini foleni hukaa pale penye wembamba kuliko pote. Ikiwa ruta yenu ndiyo nyembamba kidogo, foleni itakaa kwenu, mikononi mwa msimamizi mwema. Ikiwa ni modemu ya kampuni, itakaa huko katika ghala isiyo na msimamizi.

Liko pia swali la nani atangulizwe. Tangu mwaka 2005 Wi-Fi ina kanuni ya madaraja manne: sauti, video, mambo ya kawaida, na yale yasiyo na haraka, na wa daraja la sauti huruhusiwa kungoja muda mfupi kuliko wengine. Baadhi ya watu huona si haki. Sisi twaona ni haki kabisa, kwa sababu sauti hula kidogo: simu ya kidijitali ya kawaida ilihitaji biti 64,000 kwa sekunde, na za leo hutosheka na chini ya hapo. Kumpitisha mwenye kikombe mbele ya mwenye pipa hakumpunguzii mwenye pipa kitu. Lisilo haki ni kutanguliza vyombo kwa ukubwa wa mwenyewe, simu ya baba kwanza kwa kuwa ni ya baba, hata ikiwa inapeleka picha za arusi. Na nyumba ambayo kila chombo kimeandikwa cha kwanza haina cha kwanza.

Wasomaji wasio na ruta, watumiao simu peke yake kupitia minara, wako katika mpango mwingine. Katika mitambo ya 4G simu hazipigi kura kila moja kivyake. Mnara ndio mwamuzi, nao hugawa njia upya kila milisekunde 1, ukitazama nani ana neno na nani anasikika vizuri kwa wakati huo. Hakuna migongano kama ya Hawaii, lakini mgawo hauwezi kuzidi kilichopo. Asubuhi ya Iddi kila mtu hutaka kusalimia kwa wakati mmoja. Katika Hija ya mwaka 2024 mahujaji walikuwa zaidi ya milioni 1.8, wakihama pamoja siku moja kutoka Mina kwenda Arafa. Na dawa ya mahali kama hapo ni kuongeza minara midogo iliyo karibu karibu, ili kila mnara uwe na watu wachache. Mwenye jamaa huko asihangaike na video. Ujumbe mfupi wa maandishi, ukishindwa kufika, huwekwa na kupelekwa tena na mitambo yenyewe, wakati simu ya video iliyokatika imekatika.

Baada ya haya yote yawezekana bado njia ni nyembamba kweli. Kompyuta moja ikiwa imechomekwa kwa waya, vyombo vingine vyote vimezimwa, ni usiku, na kipimo bado ni chini sana ya mlichokilipia, basi kosa halimo nyumbani. Pimeni hivyo siku saba, mara tatu kwa siku, mkiandika tarehe, saa na kasi ya kuingia na ya kutoka, kila moja mstari wake. Nendeni na karatasi hiyo kwa kampuni. Wasemapo mnunue kifurushi kikubwa zaidi, wawekeeni karatasi mezani, waambieni waanze kwa kuleta hicho mlichokwisha kukilipia.